Kabla ya Kuanguka

Mafuta ndiyo yaliyozua maneno. Jumatano asubuhi, kabla binti hajaondoka kwenda kupimwa moyo, Mama Kishada alimwita uani, akamwambia ateremshe blauzi, akachota mafuta ya mgando kiganja kizima na kumpaka kifua, mbavu na mgongo mpaka ngozi ikang'aa kama sufuria mpya.

"Mama, naenda kupimwa. Siendi kuolewa."

"Unakwenda kuvua nguo mbele ya watu wa makoti meupe. Wakikuona umepauka watanisema mimi, hawatakusema wewe. Geuka."

Usimcheke mama huyu. Alikuwa dobi, na miaka mingi ya kufua na kupiga pasi nguo za watu ilikuwa imemfundisha kwamba mtu mwenye kola chafu hata aseme kweli, watu hutazama kola. Mtoto wake asingetoka ndani ya nyumba ile akiwa na kasoro ya kutazamwa. Na mtoto mwenyewe alikuwa na jambo kubwa mbele yake. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, miguu mirefu. Mtaa ulimbandika jina la Kishada kwa sababu akikimbia ungedhani upepo ndio unaomchukua. Jumamosi angekimbia mita mia nane mbele ya walimu wa shule ya michezo, ambao wangechagua wasichana wawili wa kwenda kusoma, kula na kulala bila kulipa. Ila mwaka huo kulikuwa na sheria mpya. Hakuna kuingia uwanjani bila cheti cha moyo, kwa sababu mwaka uliopita mwanariadha mmoja alianguka hatua chache kabla ya utepe na hakuamka tena.

Saa nne Kishada alirudi amenuna.

"Havikushika," alisema.

"Nini hakikushika?"

"Vile vidude vya kunata wanavyobandika kifuani, vyenye nyaya. Wakibandika hapa, vinateremka tumboni. Wakirudisha juu, vinaanguka sakafuni. Karatasi imetoka imechorwachorwa kama mtoto kapewa kalamu. Nesi amesema nirudi kesho, nioge kwa sabuni, nisipakwe kitu. Na wewe uje."

Bibi, mama yake marehemu baba, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Umemkaanga mtoto, wewe! Ilibaki chumvi tu."

Wote watatu walicheka. Ilikuwa nyumba ya kucheka, hata kama kulikuwa na jambo moja ambalo halikuguswa humo kwa kicheko wala kwa kilio.

Alhamisi foleni ilijaa nje ya chumba cha afya cha uwanja, vijana na wazazi wao wamekaa kwenye mabenchi wakishika fomu. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Alichungulia nje.

"Mama wa mafuta amefika?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mama Kishada akacheka nao, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake, kisha akaingia ndani akiwa ameuma midomo. Pazia lilivutwa. Kishada alilala kitandani, nesi akamsugua kwa pamba na spiriti, akabandika vidude vyake kimoja kimoja. Safari hii vilishika. Mashine ikalia kidogo, karatasi ikatoka, nesi akavaa miwani na kuitazama. Aliitazama kwa muda ambao mama aliuona mrefu kupita kiasi.

"Sasa maswali," alisema nesi. "Binti ameandika 'hapana' kila mahali. Watoto hawajui mambo ya nyumbani, ndiyo maana nikakuita. Huyu baba yake yupo?"

"Alifariki."

"Pole. Alikuwa na umri gani?"

"Miaka thelathini na minne."

"Nini kilimchukua?"

"Ajali ya kazini. Alikuwa fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi."

Nesi aliweka kalamu chini. "Alianguka akafa, au alikufa akaanguka?"

Mama Kishada alikuwa amekwisha kuulizwa mengi kuhusu ngazi ile. Waliuliza ilikuwa na urefu gani, waliuliza kama mwenye kazi alilipa kitu, na wasio na adabu waliuliza marehemu alikuwa amekunywa chupa ngapi. Swali hili hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Mwanangu, nenda kavae nje," alisema. Kishada alipotoka, mama akashusha sauti. "Alikuwa amelewa, sista. Ndivyo walivyosema. Alikuwa ananuka."

"Nani walisema?"

"Msimamizi wa kazi. Ndiye aliyelipia mazishi. Nikaweka sahihi kwamba sidai kitu, kwa sababu mlevi hana madai."

"Alikuwa mnywaji?"

"Siku moja moja, kama watu. Kulewa saa tano asubuhi sikuwahi kumwona."

Nesi akageuza karatasi ili mama aione, ingawa alijua mama haoni kitu zaidi ya milima na mabonde. "Mchoro huu si mbaya. Kuna mahali hapa pananitia wasiwasi kidogo, lakini wanariadha wengi mioyo yao huchora hivi kwa ajili ya mazoezi. Kama baba alianguka kwa pombe, nitagonga muhuri. Kama moyo ulisimama kwanza ndipo akaanguka, sigongi. Itabidi apigwe picha ya moyo hospitali kubwa, na foleni ya picha ni wiki tatu. Kuna mtu alikuwepo siku ile?"

"Yupo mmoja."

"Kamuulize. Kesho saa sita nafunga daftari."

Nje, kocha wa Kishada, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alimvuta pembeni. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakishika tamaa ya heri ndio wagumu kukataliwa. "Mama, usijitafutie balaa. Ajali ni ajali. Ulichosema miaka yote kiseme tena kesho, mtoto akakimbie. Nafasi kama hii haigongi mlango mara mbili."

Aliyekuwepo siku ile walimwita Brashi. Mama Kishada alimkuta alasiri akipaka rangi ukuta wa duka la madaftari. Alikuwa juu kabisa, kofia ya gazeti kichwani. Mama akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Shemeji! Miaka kumi na moja ukiniona unavuka barabara. Leo uko juu, huna pa kuvukia."

Brashi alitazama chini, akashusha pumzi. "Shika vizuri basi. Nashuka."

Akashuka taratibu, mguu baada ya mguu, kama mtu anayeitwa na hakimu. Alipindua ndoo mbili tupu, moja akaifuta kwa kofia yake na kumpa mwanamke akalie.

"Mtoto anapimwa moyo," alisema Mama Kishada. "Wanataka kujua baba yake alivyokufa. Usinihurumie, nimeshazoea. Alikuwa amekunywa kiasi gani?"

"Amekunywa nini?"

"Brashi, usinichezee."

"Tulikunywa chai na mkate, shemeji. Mimi na yeye, kikombe kimoja kimoja. Basi." Akakwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha. "Kifua kilimbana tangu asubuhi. Alimwomba msimamizi akae kidogo. Msimamizi akamwambia maliza ukuta huu kwanza, mwenye nyumba anakuja. Akapanda. Mimi nilikuwa chini nakoroga rangi. Nikamsikia anasema, 'Ngoja nipumue.' Akatundika ndoo kwenye ndoana yake, akaweka brashi ndani, akalaza kichwa kwenye ngazi kama mtu anayesinzia. Nikamwita mara ya kwanza. Nikamwita mara ya pili. Ndipo mikono ikaachia. Ndoo ilibaki juu vile vile, haikumwagika hata tone. Mlevi gani huyo anayeanguka asimwage rangi?"

Mama Kishada alikuwa ameshika ukingo wa ndoo aliyokalia. "Walisema ananuka."

"Sote tulinuka. Mafuta ya kuyeyushia rangi, yanafanana na pombe kali kwa asiyeyajua. Lakini wewe ndiye uliyekuwa unazifua zile nguo, shemeji. Huijui harufu yake?"

Aliijua. Aliijua kuliko alivyoijua harufu ya mto wake wa kulalia. Ila siku ile shati lililetwa ndani ya mfuko, na maneno ya msimamizi yalikuwa yamelitangulia kufika. Alilitumbukiza kwenye sabuni upesi upesi bila kulisogeza puani, asije jirani akanusa pia. Dobi mzima, na shati la mumewe hakulisoma. Aibu ya jambo hilo ilimpanda pale pale, moto, mpaka masikioni.

"Kwa nini hukusema?"

"Msimamizi alituambia atakayetaja kifua, kesho asije kazini. Nilikuwa na mke mjamzito na kodi ya miezi miwili." Brashi alikuwa analia bila kujificha, machozi yakipita kwenye madoa ya rangi. "Ndiyo maana nakuvukia barabara. Salamu yako ningeipokea kwa uso gani?"

Angeweza kummwagia ndoo nzima ya rangi, na nani angemlaumu? Badala yake alisimama, akamwambia, "Futa uso, wateja wanakuona," akaondoka. Kwa hatua kama ishirini alitembea akiwa na furaha ambayo hakuionja tangu ujane wake uanze. Mume wake hakuwa mlevi. Alikuwa mtu aliyeomba kupumua, akaweka brashi yake mahali pake. Kisha akakumbuka alichotumwa kuuliza, na kwa ajili ya nani, na furaha yote ikageuka shubiri kinywani.

Jioni alipiga pasi bukta na fulana ya mashindano. Fulana ya kukimbilia haihitaji pasi, kila dobi anajua, lakini mikono ilitaka kazi.

"Umempata?" aliuliza Kishada.

"Sijampata," alijibu mama bila kuinua macho. "Kesho."

Bibi aliinua uso kutoka kwenye kiti chake, akamtazama mkwe wake, akautazama tena ukuta. Siku ya mazishi bibi huyu alikuwa amesema neno moja mbele ya watu: mwanamume haanzi pombe asubuhi kama nyumbani kwake kuna amani. Alilisema mara moja tu. Hakulirudia na hakulifuta. Tangu hapo waliishi pamoja kwa heshima, wakauguzana, wakagawana kila tonge, na neno lile likaishi nao kama mpangaji wa nne asiyetoa sauti.

Ijumaa, saa tano na robo, mama na binti walikaa mbele ya meza ya nesi. Kishada alikuwa amevaa viatu vya mazoezi, goti linacheza. Kocha alisimama mlangoni. Muhuri ulikuwa mezani, kidau cha wino kimefunuliwa, na jina la Kishada limekwisha andikwa kwenye cheti kwa herufi nzuri.

"Umempata mtu wako?" aliuliza nesi.

Mama Kishada alimtazama kocha, ambaye alitikisa kichwa polepole kumkataza. Aliyatazama magoti ya mwanawe. Alijua alichokishika mkononi. Neno moja la zamani, lililozoeleka, lisilomgharimu kitu, na mtoto angeondoka mbio kwenda kwenye maisha ambayo sabuni na pasi visingeweza kumnunulia kamwe. Na pengine asingepatwa na kitu. Pengine.

"Nimempata," alisema. "Hakuwa amelewa. Kifua kilimbana toka asubuhi. Alikufa kwanza, sista. Kuanguka kulikuja baadaye."

Nesi alifunika wino. Alichukua karatasi nyingine akaanza kuandika barua ya hospitali kubwa, na mwandiko wake ulikuwa wa haraka kuliko kawaida. "Huenda picha ikatoka safi," alisema. "Huenda isitoke safi. Yote mawili tutayajua akiwa hai. Mpaka hapo, binti, hakuna kukimbia. Hata kuwahi kengele ya shule, tembea."

Kishada alitoka bila kuchukua barua. Mama alimkuta nyuma ya jukwaa, ameketi kwenye ngazi za saruji, anafungua kamba za viatu na kuzifunga tena.

"Jana uliniambia hujampata."

"Nilikudanganya."

"Basi ungedanganya na leo! Umenyamaza miaka kumi na moja, mama. Siku moja zaidi ingekushinda?"

Mama alikaa ngazi moja chini yake. "Ingenishinda. Wewe ungekimbia kesho, na mimi ningekaa hapa jukwaani nahesabu pumzi zako. Wenzangu wangeshangilia, mimi ningekuwa nangoja uanguke. Siwezi. Nakupenda kuliko hiyo shule."

"Unadhani nilikuwa sijui?" Binti alikaza kamba ya kiatu. "Darasa la tatu walikuwa wanayumbayumba mbele yangu, halafu wanajiangusha chini wanasema, 'Baba yako huyo!' Kila siku wakati wa mapumziko. Ndipo nikaanza kukimbia. Mtu ukishampita, humsikii anacheka nini."

Mama hakujua hilo. Kati ya yote aliyoambiwa juma lile, hili ndilo lililomwangusha. Alimshika mwanawe miguu yote miwili, na viatu vyake, akailaza mapajani mwake, akalia. Alilia kwa ajili ya mtoto wa miaka minane aliyekuwa akirudi nyumbani ametokwa jasho, naye akimgombeza kwa kuchafua sare.

"Nisamehe. Nilidhani nimekuficha."

Kishada aligeuza uso, akatazama uwanja. Lakini miguu hakuiondoa.

Jumamosi hakuna aliyefungua redio. Mbio zilikuwa saa nne. Saa mbili na nusu Kishada alikuwa bado amelala ameelekea ukutani, ingawa kila mtu nyumbani alijua hajalala. Mama alipeleka chai kwa bibi mlangoni, akakaa chini karibu na miguu yake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Mama, nina maneno."

"Nayajua. Mtoto hakimbii. Kuta hizi ni za mbao, nimesikia kilio."

"Hujayasikia yote." Akamweleza tangu mwanzo. Alimweleza chai na mkate, kifua, msimamizi, ndoo iliyobaki juu. Aliyasema kwa utaratibu, kama anavyokunja nguo za mteja.

Bibi alisikiliza bila kugusa kikombe. "Hakuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kikongwe yule aliweka kiganja kifuani mwake. Kisha akasema, "Moyo huo pengine ameutoa kwangu."

"Nesi anasema huenda marehemu aliutoa kwa baba yake, huenda ni kwako, haijulikani. Ndugu zake wote watapimwa. Si kosa la mtu."

"Basi na mimi nipimwe. Lakini kwanza niletee gauni langu la kijani."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa fundi viatu. Halafu kwa muuza mkaa. Halafu nyumba ile ya pembeni, wale ndio walikuwa hodari wa kucheka." Alikuwa amekwisha kuinuka, mkono mmoja ukutani. "Mtu aliyechafuliwa hadharani hasafishwi chumbani. Wewe ndiye dobi, nikufundishe mimi?" Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Akaushika uso wa mkwe wake kwa viganja vyake vikavu. "Na wewe nilikuchafua. Siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Nimekaa nalo neno lile miaka yote, nakuona unaniogesha, unanilisha, nikashindwa kulimeza na nikashindwa kulitema. Nisamehe, mwanangu. Mwanangu alikuwa na amani nyumbani kwake. Nitawaambia na hilo."

Mama Kishada alivishika vile viganja, kisha akaviachia. Alikwenda kuleta gauni la kijani, na njiani akasimama nyuma ya pazia kidogo, apate kupumua.

Bibi alifika mlango wa nje, goti likamgomea. Alijaribu tena, akashika fremu ya mlango. Ndani, kitanda kililia. Kishada alitoka amevaa kanga ya kulalia na macho yamevimba, akaingiza mkono wake kwapani mwa bibi bila kusema lolote, akamshusha kizingiti.

Mama aliwafuata kwa nyuma. Saa nne ilipofika walikuwa hawajafika hata nyumba ya tatu. Toka mbali, upande wa uwanja, kelele zilipanda, zikadumu kwa muda wa mita mia nane, zikashuka. Mama aliona mgongo wa mwanawe ukikakamaa. Lakini Kishada, ambaye tangu ajue kutembea hakuwahi kumngoja mtu njiani, hakubadili mwendo. Aliweka mguu pale bibi alipoweka wake, akangoja, akaweka mwingine.

Kwa fundi viatu bibi alisema yote mwenyewe. Kwa muuza mkaa alisema nusu. Walipofika nyumba ya pembeni, mwenye nyumba akatoka na watoto wake wakubwa, wale waliosoma na Kishada, wakasimama barazani wakishangaa. Bibi akafungua kinywa, pumzi ikamwishia. Akamtazama mjukuu wake.

Kishada akamshika bibi vizuri zaidi. Hakuwa na pa kukimbilia, na hakukimbia.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwenye nyumba. "Tumekuja kusema habari za baba yangu. Hakuwa amelewa."